Namna ya Kupima Kiwango cha Oili ya Giaboksi ya Otomatiki katika Gari-Nyumba

Oili ya giaboksi ya otomatiki haipimwi kama oili ya injini. Oili ya injini hupimwa injini ikiwa imezimwa na oili imekwisha kushuka kwenye sampu (bakuli la chini linalokusanya oili), ilhali oili ya giaboksi, katika magari-nyumba mengi yenye dipstiki (kijiti cha kupimia oili), hupimwa injini ikiwa inaunguruma, oili yenyewe ikiwa ya moto, na gari likiwa limesimama mahali tambarare. Mtu asiyeijua tofauti hii anaweza kuchomoa dipstiki, akaifuta, akaisoma kwa uangalifu wote, na bado akapata jibu la uongo. Kisha atalifuata jibu hilo: ataongeza oili isiyohitajika, au atapunguza iliyokuwa inatosha, na giaboksi iliyokuwa nzima itaanza kuharibika.

Nimewahi kuliona kosa hilo kwa karibu. Gari-nyumba lilikuwa limehifadhiwa miezi mitano bila kuwashwa. Asubuhi ya safari mwenye gari akachomoa dipstiki injini ikiwa baridi na imezimwa, akaona oili imepanda vidole vinne juu ya alama ya mwisho. Akanyonya lita mbili na nusu kwa pampu ya mkono, akaridhika, akaondoka. Kwenye mlima mrefu wa kwanza injini ikaanza kulia kwa mizunguko mingi huku gari likizidi kupoteza mwendo, na harufu ya kuungua ikaingia hadi walipokaa abiria. Oili ile haikuwa imezidi hata kidogo. Gari linapolala muda mrefu, oili iliyomo ndani ya torki konveta (chombo cha duara kinachounganisha injini na giaboksi) hushuka polepole hadi kwenye sampu, na dipstiki huonyesha ziada ambayo hutoweka mara tu pampu inapozunguka na kuijaza konveta upya.

Kwa nini kiwango kina uzito mkubwa hivi

Ndani ya giaboksi ya otomatiki, oili hufanya kazi ambazo kwenye giaboksi ya kawaida hugawanywa kati ya vyuma na mguu wa dereva. Katika torki konveta, oili ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi. Katika vali na mabomba yake, shinikizo la oili ndilo linalobana sahani za klachi ili gia iingie. Juu ya hayo, oili hiyohiyo hulainisha meno na beringi, na hubeba joto kulipeleka kwenye kipozeo kilicho mbele au ndani ya rejeta.

Oili ikipungua, mdomo wa chujio lililo ndani ya sampu huanza kuvuta hewa pamoja na oili, hasa gari linapopanda mlima au kukata kona na oili ikakimbilia upande mmoja. Hewa hubonyezeka na oili haibonyezeki, kwa hiyo shinikizo hulegea, klachi hazibanwi sawasawa, nazo zikiteleza huzaa joto linalounguza sahani zake. Oili ikizidi, hali huharibika kwa njia nyingine: gia zinazozunguka huifikia oili iliyo kwenye sampu, huikoroga na kuifanya povu, na povu hilo likivutwa na pampu huleta ulegevu uleule. Wakati mwingine oili ya ziada husukumwa nje kupitia tundu la kupumulia na kudondokea kwenye ekzosi yenye moto, jambo ambalo ni hatari ya moto kwa gari ambalo watu hulala ndani yake. Dalili za upungufu na za ziada hufanana sana, na ndiyo maana haifai kukisia kwa kusikiliza gari tu.

Gari-nyumba lina sababu zake za ziada za kuangaliwa. Gari dogo hubeba mzigo mzito siku chache katika mwaka, lakini gari-nyumba hubeba kitanda, jiko, matangi ya maji na makabati kila linapotoka, na uso wake mpana husukumana na upepo barabara nzima. Likiongezewa gari dogo linalovutwa nyuma, giaboksi hufanya kazi karibu na mwisho wa uwezo wake kwa saa nyingi. Halafu linaegeshwa kwa miezi. Mchanganyiko huo wa kazi nzito na usingizi mrefu ndio unaofanya kipimo cha kiwango kiwe jambo la kila safari.

Jambo la mwisho la kulielewa kabla ya kushika kitambaa ni kutanuka kwa oili. Joto la oili likipanda kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 80 za Selsiasi, ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 4 hadi 5. Katika giaboksi yenye lita 15 kwa jumla, hiyo ni zaidi ya nusu lita, na ongezeko lote huonekana kwenye sampu, kwa sababu konveta na mabomba tayari yamejaa. Dipstiki moja, oili ileile, itaonyesha upungufu asubuhi na kutosha mchana. Alama ya moto kwenye dipstiki ina maana pale tu oili inapokuwa kweli imefikia joto lililokusudiwa na mtengenezaji.

Ijue kwanza giaboksi uliyonayo

Jina lililoandikwa ubavuni mwa gari-nyumba ni la aliyejenga nyumba. Chasi, injini na giaboksi kwa kawaida vimetoka kwa kampuni nyingine, na kitabu unachokihitaji ni cha chasi na giaboksi. Bila kukifungua kitabu hicho hutajua mambo matatu ambayo hayabahatishwi: lever ya gia iwe kwenye nafasi gani wakati wa kupima, oili iwe na joto gani, na ni oili ya aina gani inayoruhusiwa.

Nafasi ya lever hutofautiana kweli. Giaboksi nyingi za Ford na za General Motors zenye dipstiki hupimwa lever ikiwa kwenye P (nafasi ya kuegesha). Giaboksi za kampuni ya Allison hupimwa zikiwa nyutro (bila gia yoyote). Magari-nyumba ya zamani, ya miaka ya 1970, yaliyojengwa juu ya chasi za Dodge na kufungwa giaboksi ya TorqueFlite, nayo hupimwa nyutro, kwa kuwa katika giaboksi hiyo pampu haiijazi konveta lever ikiwa kwenye P, na kipimo kitakachopatikana hapo hakitakuwa cha kweli.

Kuna pia giaboksi zisizo na dipstiki kabisa. Baadhi zina mrija wa kujazia wenye kifuniko kilichofungwa kwa pini, lakini ndani yake hamna kijiti chochote. Ndivyo ilivyo kwenye Mercedes-Benz Sprinter nyingi zenye giaboksi ya gia 5, ambazo hupimwa kwa kijiti maalumu cha gereji. Nyingine, kama giaboksi za gia 6 za General Motors za aina ya 6L90, katika magari mengi hazina hata mrija huo, bali zina bolti ya kupimia iliyo chini ya sampu. Hizo nitazieleza mbele kidogo.

Kuipata dipstiki yenyewe si kazi ndogo kila mara. Kwenye magari-nyumba yenye injini mbele, tafuta chini ya boneti upande wa nyuma wa injini, au chini ya kile kifuniko kikubwa kilicho kati ya kiti cha dereva na cha abiria. Kwenye magari makubwa ya dizeli yenye injini nyuma, hufikiwa kwa mlango wa nyuma au kwa kuinua kitanda cha chumba cha nyuma. Mrija wake huwa mrefu na wenye kona, na dipstiki hutengenezwa kwa waya unaopinda. Ufuate mrija kwa macho na tochi mpaka uone unaishia kwenye giaboksi. Fanya hivyo hata kama mpini una rangi au maandishi, kwa sababu dipstiki ya injini nayo huwa jirani, na kumwaga oili ya giaboksi ndani ya injini ni kosa linalotokea kwa watu makini.

Vifaa na tahadhari

Andaa vitambaa safi visivyoacha nyuzi, karatasi nyeupe, tochi, glavu, kabari mbili za magurudumu, faneli nyembamba yenye mpira mrefu, na oili sahihi angalau lita moja. Kama dashibodi haina geji ya joto la giaboksi, kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari, kinachochomekwa chini ya usukani, kinaweza kukuonyesha joto hilo katika magari mengi ya kisasa, nami naona ni fedha iliyotumika vizuri. Uzi mmoja wa kitambaa ukiingia kwenye mrija unaweza kukwama kwenye vali ndogo za giaboksi, kwa hiyo usafi hapa ni sehemu ya kazi yenyewe.

Utakuwa unafanya kazi injini ikiwa inazunguka. Vua mapambo, funga nywele ndefu, kunja mikono ya shati, na uweke mikono mbali na feni na mikanda. Usipime ndani ya jengo lililofungwa, kwa kuwa moshi wa ekzosi huua bila kuonekana. Oili yenyewe inaweza kuwa na nyuzi 80 na zaidi, na tone lake likianguka kwenye ngozi huunguza. Lililo kubwa kuliko yote: usiingie kamwe chini ya gari-nyumba lililoinuliwa kwa jeki zake za kusawazishia peke yake au lililosimama kwa mito ya upepo tu, kwa maana upepo ukivuja au jeki ikirudi, bodi hushuka ghafla na nafasi uliyokuwamo haipo tena.

Hatua za kupima kwa dipstiki

Hatua ya 1 ni kupata mahali tambarare. Mwinuko mdogo ambao jicho halioni unatosha kuisogeza oili upande mmoja wa sampu, na kwa gari refu udanganyifu wa macho ni mkubwa. Weka kipimamaji sakafuni, mbele kwenda nyuma na kisha kushoto kwenda kulia. Usisawazishe kwa jeki ili upime mahali penye mteremko. Tafuta mahali pengine.

Hatua ya 2 ni kupasha oili joto, na hapa ndipo wengi hukatisha njia. Kuiacha injini inaunguruma mahali gari liliposimama kwa dakika 15 kutapasha maji ya rejeta, lakini oili ya giaboksi itakuwa bado vuguvugu. Endesha gari kwa kilomita 25 hadi 30, gia zote zikiingia. Giaboksi nyingi huhesabiwa kuwa zimefikia joto la kazi oili inapokuwa kati ya nyuzi 70 na 90 hivi, lakini tumia tarakimu za kitabu chako: Allison husema nyuzi 71 hadi 93 kwa kipimo cha moto, na Ford, kwa giaboksi ya gia 5 ya TorqShift, husema nyuzi 66 hadi 77. Kinyume chake, kama umetoka kupanda milima katika jua kali, au umekuwa ukivuta gari jingine, oili itakuwa imepita joto hilo na itasoma juu kuliko ilivyo. Hapo zima injini usubiri kama nusu saa, kisha uwashe tena.

Hatua ya 3: egesha, vuta breki ya mkono, na uweke kabari mbele na nyuma ya gurudumu. Ukikanyaga breki kwa nguvu, injini ikiwa silensa (inaunguruma taratibu bila kukanyagiwa mafuta), pitisha lever polepole katika kila nafasi, ukiiacha sekunde chache kwenye kila moja hadi uisikie gia imeshika. Kwa njia hiyo oili hujaa kwenye njia zote na hewa hutoka. Malizia kwenye nafasi inayotakiwa na kitabu, P au nyutro. Magari-nyumba mengi mazito yenye Allison hayana P kabisa. Yanashikwa na breki ya kuegeshea peke yake, kwa hiyo kabari si za hiari.

Hatua ya 4: acha injini ikiendelea silensa, safisha kwanza eneo la mdomo wa mrija kwa kitambaa, kisha chomoa dipstiki. Baadhi zina mpini unaokaza mpira kwa kuzungushwa, nazo ni lazima zilegezwe kwanza. Futa dipstiki yote, irudishe mpaka ikae kabisa mwisho wake, subiri kidogo, na uichomoe tena moja kwa moja bila kuizungusha.

Hatua ya 5 ni kusoma, na inahitaji subira kuliko zote. Shika dipstiki ikiwa imelala karibu na usawa, sio imesimama ncha juu, kwa sababu oili ya moto ni nyepesi na itakukimbia. Utaona upande mmoja unaonyesha juu kuliko mwingine. Upande wa juu umepakwa na oili iliyoganda kwenye kuta za mrija wakati kijiti kinapita. Upande wa chini ndio wa kuaminiwa. Tafuta mahali ambapo oili imefunika upana wote wa kijiti bila kukatika. Rudia angalau mara tatu, ukifuta kila mara, mpaka majibu mawili mfululizo yalingane. Yasipolingana, subiri dakika kadhaa oili ishuke kwenye mrija, kisha anza tena. Kwenye mrija mrefu wa gari-nyumba, jibu la kwanza mara nyingi si jibu.

Oili ikiwa ndani ya eneo la moto, kati ya alama mbili, acha kama ilivyo. Haihitaji kufika kwenye alama ya juu kabisa, na kwa maoni yangu kukaa katikati ni salama kuliko kukaa ukingoni.

Dipstiki nyingi zina pia alama ya baridi. Kazi yake ni moja tu: kukuambia kama kuna oili ya kutosha kuendesha gari hadi ipate joto. Katika Allison kipimo hicho hufanywa oili ikiwa kati ya nyuzi 16 na 49, injini ikizunguka na lever ikiwa nyutro. Usiongeze oili hadi alama ya moto kwa kutumia kipimo cha baridi.

Giaboksi zinazojipima zenyewe

Giaboksi nyingi za Allison za mfululizo wa 3000 na 4000 zina sensa ya kiwango ndani ya sampu, na jibu huonyeshwa kwenye kioo kidogo cha vitufe vya gia. Ukiwa na chombo hiki, kitumie. Hufanya hesabu ya joto ambayo dipstiki haiwezi kuifanya. Simamisha gari mahali tambarare, weka nyutro, vuta breki, acha injini silensa, kisha bonyeza kwa pamoja vile vitufe viwili vyenye mishale ya juu na chini. Oili inatakiwa iwe kati ya nyuzi 60 na 104, na gari liwe limetulia kama dakika 2 ili oili ishuke. Kabla ya muda huo kutimia, kioo huhesabu kurudi nyuma kuanzia 8 hadi 1.

Ikionekana oL kisha oK, kiwango kiko sawa. Ikionekana Lo ikifuatwa na namba, oili imepungua kwa kwati idadi hiyo. Ikionekana HI na namba, imezidi kwa idadi hiyo. Kwati moja ya Kimarekani ni lita 0.95, kwa hiyo kuihesabu kuwa lita moja pungufu kidogo hakuleti madhara. Wakati mwingine kioo hukataa kupima na kutoa namba ya sababu: 50 ni injini kuzunguka taratibu mno, 59 ni kuzunguka haraka mno, 65 ni lever kutokuwa nyutro, 70 ni oili kuwa baridi, 79 ni oili kuwa moto kupita kiasi, 89 ni shafti ya kutokea kuwa inazunguka, na 95 ni sensa yenyewe kuharibika. Namba hizi zinafaa kuandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa karibu na usukani.

Giaboksi zisizo na dipstiki

Katika giaboksi ya bolti, kiwango hupimwa kwa kufurika. Gari huinuliwa likiwa sawa pande zote, injini ikiwa inaunguruma, na joto la oili husomwa kwa kompyuta. Linapofikia kiwango kilichowekwa, ambacho kwa 6L90 ni kati ya nyuzi 30 na 50, bolti hufunguliwa. Oili ikidondoka polepole kiwango kiko sawa. Ikitiririka kwa wingi imezidi, na huachwa hadi mkondo ugeuke kuwa matone. Isipotoka kitu, imepungua. Angalia kwamba hapa joto linalotakiwa ni la chini kuliko la dipstiki. Ukiifungua bolti oili ikiwa na nyuzi 85, itatiririka nyingi kwa sababu tu imetanuka, na utabaki na giaboksi yenye upungufu.

Kazi hii naipendekeza kwa fundi mwenye lifti inayobeba uzito wa gari-nyumba. Mwenye gari anaweza kuifanya iwapo ana shimo la ukaguzi lililo sawa na kipima joto cha kuaminika, lakini kulala chini ya gari la tani kadhaa huku injini ikizunguka si jambo la kujaribiwa kwenye maegesho.

Kuisoma oili yenyewe

Kabla ya kurudisha dipstiki, dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe. Oili nyingi za giaboksi za otomatiki hutiwa rangi nyekundu. Ikiwa nzuri, doa husambaa mapana, jekundu na angavu, na kingo zake hazina weusi. Ikianza kuchoka huelekea kahawia, na rangi hiyo peke yake si ya kutisha, kwa kuwa baadhi ya oili hubadilika rangi mapema kabla ya kupoteza nguvu zake. Pua husema zaidi kuliko jicho: harufu kali kama ya mkate ulioungua ina maana kuwa klachi zimekuwa zikiteleza. Doa likiacha kitovu cheusi kisichosambaa, ndani yake mna unga wa sahani za klachi. Chenga zinazong'aa ukizisugua kati ya vidole ni chuma.

Rangi ya waridi yenye utusitusi, kama maziwa yaliyochanganywa na sharubati nyekundu, ina maana kwamba maji ya rejeta yamepenya kwenye oili kupitia kipozeo. Hapo usiendeshe tena hata kilomita moja. Maji na kemikali ya kupozea huachanisha gundi inayoshika sahani za klachi, na kila mzunguko wa pampu husambaza uharibifu huo. Gari livutwe, na kipozeo kibadilishwe kabla ya oili mpya kutiwa.

Povu kwenye dipstiki huashiria ziada, au hewa inayovutwa mahali. Usiongeze wala usipunguze mpaka litulie na upime upya.

Kuongeza na kupunguza

Soma aina ya oili kwenye kitabu, si kwenye ushauri wa muuzaji. Dexron-VI ya General Motors, iliyotoka mwaka 2005, imechukua nafasi ya Dexron-III; Mercon LV ya Ford imechukua nafasi ya Mercon SP; giaboksi nyingi za Chrysler za kuanzia miaka ya 2000 hutaka ATF+4; Allison huidhinisha oili zake kwa viwango vyenye namba, kama TES 295 na TES 668. Kuwa zote ni nyekundu hakuzifanyi zibadilishane. Namna oili inavyoiachia au kuikamata klachi hutegemea viungo vyake, na kiungo kisichofaa huleta mtetemo au kuteleza ambako hakutaondoka kwa kuongeza kiwango.

Ongeza kidogo kidogo, robo lita kwa mara moja, injini ikiwa bado silensa. Nafasi kati ya alama ya chini na ya juu katika giaboksi nyingi haifiki lita moja, na kumimina chupa nzima ni kujitafutia kazi ya kunyonya. Baada ya kila robo, subiri dakika mbili tatu oili ishuke kwenye mrija, pitisha lever tena katika nafasi zote, kisha pima. Ukifika katikati ya eneo la moto, simama.

Ikizidi, nyonya kwa pampu ya mkono yenye mpira mwembamba unaoingia kwenye mrija wa dipstiki, injini ikiwa imezimwa, na mimina ulichonyonya kwenye chupa yenye alama ili ujue umetoa kiasi gani. Kisha washa, pitisha gia zote, na upime upya kuanzia hatua ya 3.

Oili ya giaboksi haiungui kama ya injini. Ikipungua, imevuja. Tandika kadibodi kubwa chini ya gari usiku kucha na asubuhi uangalie doa liko chini ya nini: sehemu ya mbele ya giaboksi huashiria sili ya konveta, katikati ni gasketi ya sampu, nyuma ni sili ya shafti, na chini ya rejeta ni viungo vya mabomba ya kipozeo. Andika tarehe, kilomita, joto la oili, kiwango ulichosoma na kiasi ulichoongeza. Katika gari linalokaa miezi bila kutembea, daftari hilo hukuonyesha mapema kama robo lita hupotea kwa safari moja au kwa mwaka mzima. Na ikiwa ni kwa safari moja, mpeleke fundi daftari pamoja na ile kadibodi.